Misindano Yangu na Chai ya Faustina

Septemba 1, Jumapili

Mimi Jailos naanza kuandika leo. Mke wangu Faustina ameondoka asubuhi kwenda Mbeya kwa binti yetu Eveline, ambaye anakaribia kujifungua. Atakaa huko mpaka mvua zianze. Amesema mimi mdomo tu, nikisema neno leo kesho nalikana. Basi safari hii naandika. Krismasi watoto wakija nitasoma mbele yao wote, tuone nani anakana. Kuandika najua. Kisomo cha watu wazima nilikimaliza, na cheti kipo, panya amekula pembeni kidogo tu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Nyuma ya nyumba kuna shamba la chai la Faustina, limekwenda sambamba na mtelemko mpaka nyuma ya nyumba ya jirani yetu Rozalia. Chini ya chai ndipo ilipo misindano yangu, ile ambayo watu wa mjini wanaiita paina. Kati ya chai na misindano kuna njia ya moto, upana wa trekta kupita, ili moto ukija usivuke. Kiwanda kilichokuwa kinachukua majani ya chai kimefungwa tangu masika na hakuna anayejua kitafunguliwa lini. Mimi nasema tung'oe chai, tupande misindano mpaka mlangoni. Yeye anasema kiwanda kitafunguliwa.

Alipokuwa anapanda gari, mguu mmoja ndani mmoja chini, akasema mbele ya watu: "Baba Eveline, nikirudi nikakuta umeng'oa chai yangu, begi silishushi. Nageuza na gari hilohilo."

Sikumjibu. Mwanaume hajibu kila kitu.

Septemba 2

Upepo. Nimekula kiporo.

Septemba 5

Leo nimekaa kwenye gogo nikaitazama miti yote miwili kama hakimu. Chai ni kichaka. Ukiiacha inataka kuwa mti, lakini haiachwi, inakatwa ibaki kiunoni, halafu kila wiki inanyang'anywa majani machanga. Maisha gani hayo? Msindano hauombi ruhusa. Unakwenda juu kama bomba. Hautaki mbolea, hautaki akina mama na vikapu. Unapanda, unakwenda zako, ukirudi una mbao.

Na miti naijua. Nilikata magogo nikiwa na nguvu, malori yakashuka nayo Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Watu waliweka kofia chini, nami nikauangusha mti juu ya kofia. Waulize waliobaki hai.

Nimeamua kuhesabu kama mpira. Msindano bao moja, chai sufuri.

Septemba 8, Jumapili

Faustina amepiga simu. Eveline bado. Nikamwambia naandika, akacheka.

"Unaandika nini, mzee?"

"Ubora wa msindano. Hata daftari lenyewe ni msindano. Karatasi yote hii imetoka kwenye mti wangu."

"Na hapo unapoandika, kikombe kina nini?"

Nikakitazama kikombe. "Maji."

"Maji yenye rangi," akasema. "Haya, andika na hilo."

Nimeandika, lakini bao silihesabu.

Septemba 11

Anord amekuja, mwenyekiti wa kitongoji. Kijana mzuri, ila cheo kimemfanya atembee na filimbi shingoni hata akienda chooni.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Kaa, kuna chai."

Akakaa. Akasema mwezi huu kila mwenye misindano asafishe njia yake ya moto, afyeke nyasi na kufagia sindano zote zilizodondoka. Zikikauka, anasema, ni kama petroli.

"Kufagia?" nikamuuliza. "Na ufagio?"

"Ndiyo, baba."

"Njia ile anafagia Faustina. Mimi uliniona lini na ufagio?"

"Mama hayupo."

"Basi njia itamsubiri."

Ameondoka hakumaliza chai.

Septemba 14

Chai ya Faustina imechanua! Maua meupe, katikati ya manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Mgeni akipita atasema, jamani, shamba zuri. Lakini huku kwetu kila mtu anajua maana yake. Chai inayotunzwa haipati nafasi ya kuchanua. Ikichanua, inatangaza kwamba mwenyewe ameitupa. Miaka yote na Faustina sijawahi kuona ua shambani mwake.

Msindano mbili, chai sufuri. Hili ni bao la kujifunga.

Septemba 15, Jumapili

Nimempigia mwenyewe nimwambie.

"Imechanua?" akauliza.

"Jeupe shamba zima."

"Na watu wanapita hapo?"

"Waumini wote wametoka kanisani wakapita hapo."

Akanyamaza. Nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema Eveline anamwita.

Nilitegemea nifurahi zaidi kuliko nilivyofurahi.

Septemba 20

Othmani wa Mafinga ameleta miche yangu ya misindano. Huyu ndiye mfanyabiashara wa mbao tuliyekubaliana avune misindano yangu mikubwa Desemba. Babu yake alitoka pwani, na yeye Kiswahili chake mpaka leo kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Mzee wangu, miche hii waipanda wapi?"

"Hapo penye chai."

"Na chai ni yako?"

"Ni ya nyumba."

"Na mama ameridhia?"

"Mama yuko Mbeya."

"Sikuuliza yuko wapi," akasema.

Wafanyabiashara wanapenda kuuliza. Kisha akashuka mpaka kwenye njia ya moto, akasugua sindano kwa kiatu. "Njia yako ina zulia, mzee wangu. Mimi Desemba naja kuchukua mbao, siji kuchukua mkaa."

Nikamwambia misindano ya Jailos haijawahi kuungua hata siku moja, moto wenyewe unaiogopa.

Septemba 23

Nimeanza kung'oa upande wa Rozalia, kwa sababu ndio mbali na nyumba yetu, na ukiwa barabarani hupaoni. Mzizi wa chai ni mkaidi kama aliyeupanda. Nimepiga sururu mpaka mpini umelegea. Mistari miwili tu.

Rozalia akatokea uani kwake, mikono kiunoni. Ni rafiki wa Faustina tangu walipokuwa wasichana wanachuma pamoja.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unasafisha kwa sururu?"

"Kila mtu na ufagio wake."

Akaingia ndani. Huyu mwanamke ni jasusi. Kufika jioni Mbeya nzima itakuwa inajua.

Septemba 24

Mgongo.

Septemba 30

Akili yangu bado inafanya kazi. Nimegundua njia ya kisasa. Sing'oi tena, nakata kwa panga chini kabisa, usawa wa udongo. Ukitazama kwa juu chai imekwisha, na mzizi utaoza wenyewe ukitaka. Nimemaliza robo ya shamba kwa siku ambazo kijana angemaliza mistari mitano.

Vichaka nilivyokata navitupa kwenye njia ya moto, maana ndiyo sehemu iliyo wazi. Sasa Anord hata nyasi za kufyeka hazioni, zimefunikwa. Njia ilipojaa, vingine nimevipanga kwa Rozalia nyuma ya jiko lake, apate kuni za bure. Hakunishukuru.

Oktoba 3

Eveline amejifungua mtoto wa kike. Mungu ashukuriwe. Faustina alikuwa analia na kucheka kwenye simu. Mwisho akauliza, "Chai yangu?"

"Ipo," nikasema.

Siyo uongo. Iliyopo ni nyingi kuliko isiyokuwepo.

Lakini nimeshangaa. Hakuuliza habari ya sururu wala ya panga. Ina maana Rozalia hajamwambia.

Oktoba 4

Nimemfuata Rozalia. Alikuwa anapepeta maharage.

"Mbona hukumwambia mwenzako?"

Hakuinua macho. "Nimwambie, ana mtoto mchanga mkononi? Mdomo unao, shemeji. Utamwambia mwenyewe."

Nikakaa kidogo, nikaondoka. Jasusi asiyepeleka habari simjui ni mtu wa namna gani.

Oktoba 9

Sikukata leo. Panga halina makali.

Oktoba 12

Panga lina makali. Sikukata.

Anord amekuja na filimbi yake. Aliposimama kwenye njia ya moto akashika kichwa. Vichaka vyote vimekauka, ukivunja kijiti kinalia ka!

"Baba, umeweka kuni njiani!"

"Hiyo ni fensi. Inazuia ng'ombe."

"Inaita moto. Mzee Jailos, nakuomba, nakuheshimu kama mzazi. Ondoa."

"Nitaondoa mvua ikianza."

"Mvua ikianza itakuwa haina haja tena."

Amenipa siku chache za kuondoa, la sivyo ataniita kwenye mkutano. Mimi niitwe na mtoto niliyempa lifti ya lori akiwa na kamasi! Kwa hilo tu sitoi hata kijiti.

Oktoba 16

Upepo. Moshi upande wa Mgololo.

Oktoba 17

Upepo.

Oktoba 20, Jumapili

Kanisani wameombea mvua. Moshi upande wa pili pia. Faustina anasema Mbeya nako vumbi tupu. Aliuliza chai, nikasema ipo.

Oktoba 24

Nimeshuka kwenye misindano. Hewa imesimama na sindano zinanuka dawa, kama zahanati. Nilivuta tawi moja la chai lililokufa kutoka njiani, nikaliweka pembeni. Nikatazama lile rundo lote lilivyokwenda mpaka kwa Rozalia. Nikamwona Anord kwa mbali barabarani, nikalirudisha tawi mahali pake. Asije akafikiri.

Oktoba 26

Upepo mkali mchana wote. Bati la choo limekwenda.

Oktoba 29

Moto.

Oktoba 30

Mkono umefungwa. Siandiki.

Novemba 1

Naandika sasa. Kalamu naishika kwa vidole viwili.

Ulianza mchana kule bondeni kwenye vinyungu. Kuna mtu alikuwa anachoma majani atayarishe bustani ya mboga, na mpaka leo hakuna anayesema ni nani. Mimi nilikuwa nanoa panga. Nikasikia kengele ya kanisa inalia na siyo Jumapili, kisha filimbi ya Anord, ndefu, haikati. Nikatoka nje. Chini ya misindano yangu palikuwa pamesimama moshi mweusi, na ndani yake kitu chekundu kinapanda.

Moto wa nyasi unachekacheka, nimeuzima mara nyingi. Moto wa msindano unavuma kama lori lenye mzigo linalopanda mlima na gia namba moja. Ulikuwa unapanda mti mzima kwa pumzi moja, halafu kilele kinalipuka, halafu cha pili yake. Miti niliyoipanda kwa mikono hii. Nilisimama kama kisiki. Nikawa nasema, "Hautavuka, hautavuka, njia ipo." Kwa sauti. Halafu nikakumbuka njia ina nini.

Nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu niache kazi ya magogo. Nilifika kwenye njia upande wa Rozalia nikaanza kuvuta vichaka vilivyokauka, nikavitupa juu, nikavitupa chini, sijui hata nilikuwa navitupa wapi. Kimoja kikashika moto nikiwa nimekishika. Anord akanishika kiuno kutoka nyuma.

"Toka hapo, baba!"

"Niache! Ni za kwangu!"

"Ndiyo! Ni za kwako!"

Akanivuta kama gunia. Na kweli pale niliposimama moto ukapita kama maji kwenye mfereji. Haukuwa na haja ya kuruka njia, nilikuwa nimeutandikia. Ukafuata vichaka mpaka mwisho wa njia, ukapanda kwenye vile vya bure nilivyopanga nyuma ya jiko la Rozalia. Jiko lake ni la nyasi. Lilikuwa.

Wanaume walikuwa wanakata matawi mabichi wapige moto, lakini huku yote yamekauka. Wakaingia kwenye chai ya Faustina ile iliyobaki. Wakavunja matawi ya chai, mabichi, mazito, yenye maua. Nimeona kwa macho yangu watu wanapiga moto kwa maua. Akina mama wanapanda na ndoo kutoka kisimani, Rozalia mwenyewe yuko juu ya ngazi anamwagia maji bati la nyumba yake, jiko linaungua nyuma yake, na yeye hageuki kulitazama.

Nyumba yake ilipona. Na huku kwetu sasa. Nyuma ya nyumba yetu ile chai sikuwa nimeifikia. Moto ulivuka njia hapo pia, kwa sababu ya lile zulia la sindano, ukaingia kwenye mstari wa kwanza wa chai. Majani yakakunjamana, yakawa kahawia. Ukaingia wa pili. Nikasema basi, nyumba imekwenda. Lakini chini ya chai hapana nyasi, Faustina hakuziacha hata siku moja, ni kivuli na ubaridi tu. Moto ukawa unatafuta cha kushika na hakuna. Ukafuka moshi, ukafa hapohapo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Jioni tulikuwa wote weusi. Watu wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Rozalia peke yake ndiye aliyenijia. Akatazama mkono wangu, akautia maji, akaufunga kwa upande wa kanga yake. Akasema, "Shemeji, kuni zako zimeiva."

Mabao siandiki leo.

Novemba 4

Misindano imesimama yote, myeusi, kama watu waliovaa msiba. Sindano hakuna. Inashangaza jinsi inavyokuwa kimya bila sindano.

Novemba 6

Othmani amekuja. Nilimwona akivua kofia tangu barabarani. Hakusema mambo ya mkaa, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumjibu.

"Pole sana, mzee wangu."

"Upepo," nikasema.

"Naam. Upepo." Akatoboa gome la mti mmoja kwa kisu. "Ndani ni mzima. Lakini upasuliwe upesi kabla wadudu hawajaingia. Mimi sina mtu wa kuja leo wala kesho."

"Mtu unaye hapa," nikamwambia.

Akatazama mkono wangu uliofungwa. Hakucheka. Nimemheshimu tangu hapo.

Novemba 9

Nimemwomba Anord msumeno wa mashine na vijana wawili wa kubeba. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia, lakini nilipofika kwake nikasema tu, "Mwenyekiti, shikamoo." Kwa utani, mimi na mvi zangu. Akacheka mpaka filimbi ikarukaruka kifuani. Akanipa.

Novemba 10, Jumapili

Faustina amepiga. Amesikia kwa watu wa Mafinga kulikuwa na moto.

"Umeungua?"

"Kidole tu."

"Misindano?"

"Imeungua."

"Pole, baba Eveline. Pole sana, najua ulivyoipenda." Alisema hivyo, sauti ya upole kabisa. "Na chai?"

Hapa nilitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno.

"Ndiyo iliyozuia moto," nikasema.

Ni kweli tupu, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Novemba 15

Tumepasua mbao kwa jiko la Rozalia. Miti niliangusha mwenyewe, mkono mmoja, kofia ya Anord ikiwa chini. Niliikosa kwa hatua moja. Upepo.

Novemba 19

Jiko la Rozalia limesimama, la mbao za msindano, na mlango wenye komeo. Hakuna mwanamke kitongoji hiki mwenye jiko kama hilo. Akafungua mlango, akafunga, akafungua. "Litanuka moshi daima," akasema. Nikamwambia jiko lisilonuka moshi ni jiko la mvivu. Akanipa maharage.

Novemba 23

Mawingu. Faustina anasema akisikia mvua imekolea huku kwetu, anapanda gari.

Sasa kinachonisumbua ni yale maua. Robo ya shamba nimekata, hilo haliwezi kufichika. Lakini zile robo tatu zilizopona zimejaa maua, na nakumbuka alivyonyamaza siku ile kwenye simu. Akute shamba limekatwa na pia limemwaibisha? Hapana. Nimeanza kuchuma maua. Moja moja, kwenye kikapu chake.

Novemba 25

Bado nachuma. Rozalia amepita, akasimama, akatazama muda mrefu.

"Shemeji, unachuma maua?"

"Nachuma."

"Yote?"

"Yote. Asikute hata moja."

"Endelea," akasema. "Unafanya vizuri sana."

Huyu mama nilimhukumu vibaya.

Novemba 28

Mvua! Imepiga bati tangu alfajiri. Nilisimama nje mpaka nikalowa, na majivu yote yakashuka bondeni kama wino. Mche wa Othmani hata mmoja haukupona, nilisahau kuumwagilia.

Maua yamebaki mistari minne.

Desemba 10

Amekuja leo.

Nilikwenda kituoni mapema. Gari likasimama, akashuka, amenenepa kidogo, begi begani. Nikanyoosha mkono nilipokee. Na hapo mbele ya kondakta nikasema, maana ningesubiri tufike nyumbani nisingesema kabisa:

"Mama Eveline, begi usishushe kwanza. Nimekata chai yako upande wa Rozalia. Robo nzima. Vichaka nilitupa kwenye njia ya moto, ndivyo vilivyochoma jiko la Rozalia. Misindano yangu pia."

Kondakta akauliza, "Mama, unapanda au hupandi?"

Faustina alinitazama mimi, akalitazama gari. Akasema, "Ngoja kwanza," lakini hakumwambia kondakta, aliniambia mimi. Gari likaondoka. Na begi halikushuka. Akalivaa vizuri begani, akaanza kutembea, mimi nyuma.

Hakwenda nyumbani. Akakata moja kwa moja shambani, upande ule. Begi begani. Akasimama penye pengo, mvua inanyunya. Ile mistari miwili niliyong'oa kwa sururu ni shimo tupu. Lakini kule nilikotumia njia yangu ya kisasa, kila kisiki kilikuwa kimetoa vichipukizi, vyekundu kidogo, laini, vingi kama vidole vya mtoto. Sikuwa nimepita huko tangu mvua, sikutaka kupaona. Akachuchumaa, akavigusa. Begi bado begani.

"Nani alikufundisha kukata chini hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Chai iliyozeeka hukatwa hivihivi ianze upya. Nilikuwa nataka kuikata hivi miaka mingi, nikakosa moyo." Akageuka. "Ulijua?"

Hapo ningeweza kusema nilijua. Daftari hili lishuhudie.

"Sikujua. Nilichoka kung'oa."

Akainuka, akapita kwenye chai iliyopona. Akapita mstari wa kwanza, wa pili. Akasimama, akainamisha kichwa, akafunua majani kama anayemtafuta kuku.

"Baba Eveline. Chai hii ina nini? Maua yako wapi?"

"Nimeyachuma."

"Umeyachuma?"

"Yote. Kwa mkono. Ili usiaibike."

Ndipo Rozalia, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake jipya na sikumwona, akapiga kelele kutoka kule: "Siku sita, mwenzangu! Siku sita na kikapu!"

"Rozalia! Na wewe ukamwacha?"

"Alichoma jiko langu! Nikasema mwache achume!"

Faustina akaanza kucheka. Alianza polepole puani, halafu mabega, halafu akashindwa kusimama. "Mzee," akasema, machozi yanamtoka, "maua ya chai hayachumwi! Unapogoa, unachuma majani, yanakoma yenyewe! Umechuma maua... shamba zima..." Akatafuta pa kukaa, hapakuwa na pa kukaa ila matope. Akavua begi begani, akaliweka chini, akalikalia.

Mimi nilitazama begi tu. Limekaa chini. Limekaa kwenye matope na mtu juu yake.

Desemba 24

Eveline na mumewe wamekuja na mtoto. Ana kidevu changu. Waliniambia nisome daftari kama nilivyoahidi, nikasema miwani imepotea. Faustina akasema miwani iko kichwani. Nimesoma Septemba tu, nikasema mengine ni ya msimu mwingine.

Desemba 28

Lazima niandike hili. Chini ya misindano yangu iliyoungua kumeota misindano. Sikupanda. Moto ulifungua yale makoko yake ya mbegu kule juu, mbegu zikamwagika kwenye majivu, mvua ikaziamsha. Imeota kama nywele, mingi hata kukanyaga ni dhambi. Nilisema mimi msindano haufi. Nilisema tangu Septemba, ukurasa wa kwanza.

Ila upepo ulipeleka mbegu nyingine kwenye chai. Asubuhi nimemkuta Faustina ameinama kati ya visiki vyake vinavyochipua, anang'oa misindano midogo kama anavyong'oa magugu, anaiweka kwenye kikapu kilekile cha maua.

"Hiyo ni ya kwangu," nikamwambia.

"Ndiyo maana siitupi. Chukua, kapande kwako." Akanipa kikapu. Kisha akaonyesha kwa kidole. "Kwako kule. Kwangu hapa. Na hapo katikati ni njia ya moto, na kuanzia leo mwenye kuifagia ni wewe."

"Kiwanda chenyewe bado kimefungwa," nikasema, maana lazima mtu aseme kitu.

"Na misindano yako bado ina urefu wa kidole," akasema. "Tutasubiri wote."

Nikamwambia mimi Jailos sijawahi kushika ufagio tangu nizaliwe, na dunia nzima inajua hivyo.

Desemba 30

Wale wanaojiita wenye misindano waje waone njia ya moto iliyofagiwa. Imenyooka, haina sindano hata moja, unaweza kuanika ulezi juu yake. Anord amepita akatazama, akavua kofia. Nimemwuliza kama katika kitongoji chote, na katika Mufindi yote, amewahi kuona njia iliyofagiwa namna hii. Akasema hajawahi.

Nimemwambia arudi kesho. Upande wa Rozalia bado sijamaliza.